Unatafuta pedali ya distoshani ya metali? Anza na spika, geini baadae

Kabla hujatoa hata shilingi kununua pedali ya metali, ule muziki mzito wa magitaa yaliyovurugwa, fuata ile waya ya gitaa lako na macho uone inaishia wapi. Sitanii. Kuna watu inaishia kwenye kiampu kidogo cha mazoezi chumbani, kuna wengine inaingia kwenye amplifaya kubwa ya bendi, na kuna wengi sana, hasa sisi tunaopiga makanisani na kwenye kumbi, inaingia moja kwa moja kwenye mixa halafu kwenye spika za ukumbi, basi. Pedali ileile moja itakupa sauti tatu tofauti kabisa kwenye sehemu hizo tatu, na kwenye moja wapo itasikika mbaya kinoma hata kama uliinunua kwa hela ya kodi ya miezi mitatu. Ndo mana mdogo wangu mmoja akiniuliza "kaka, pedali gani ya metali ni kali?" mi namrudishia swali, unachomeka wapi, na yeye anaona kama namzungusha.

Alafu kuna hili la geini, yaani kiasi ambacho pedali inaikuza sauti mpaka ivurugike. Watu wanasoma maandishi kwenye boksi, "ultra", "extreme", "death", wanadhani wananunua nguvu. Pedali yoyote ya metali, hata ile ya bei chee ya plastiki, ina geini kuliko utakayowahi kuhitaji, geini imejaa duniani hamna anayeikosa. Vitu vinavyotofautisha pedali na pedali ni viwili: inaifanyia nini besi KABLA ya kuivuruga sauti, na inakuachia uwezo gani wa kuchezea sauti za kati BAADA ya kuivuruga. Ukielewa hayo mawili hata muuzaji akikuletea pedali ambayo hujawahi kuisikia jina utaijua ndani ya dakika tano.

Kitu kimoja tuelewane mapema, nikisema nobu weka saa sita namaanisha inaangalia juu, saa sita mchana, saa tatu ni kushoto na saa tisa ni kulia. Ukiangalia video za wazungu wao wanasema 12, 9 na 3, ni kulekule, usije ukageuza saa ukaanza kulalamika ushauri wangu mbovu.

Sasa distoshani yenyewe ni nini. Wimbi linatoka kwenye pikapu za gitaa (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, sio pikapu ya kubebea mchanga) likiwa dogo, pedali inalikuza mpaka linagonga dari, na likigonga dari linakatwa kichwa, kile kilichokuwa mviringo kinakuwa kama boksi. Kwenye pedali nyingi mkataji ni dayodi, vile vidude vidogo unavyoviona kwenye redio yoyote iliyofunguliwa kwa fundi. Kukatwa kichwa ndo kunazaa zile sauti za juu za ziada tunazoita ukali, na pia kunabana sauti ndo mana noti inakaa muda mrefu bila kufa. Tatizo ni kwamba besi ndo yenye wimbi kubwa kuliko wote, kwa hiyo inagonga dari ya kwanza, na ikigonga inawaburuza wengine. Unapiga rifu (kipande kifupi kinachojirudia) ya haraka kwenye uzi wa chini unategemea kusikia dug-dug-dug unasikia mtu anakoroma chini ya blanketi. Matope hayo hayaondoki ukipunguza besi mwishoni kwenye ampu, mana yalishatengenezwa huko mbele, ni kama kuchuja chai ambayo chumvi imeshaingia.

Dawa yake ni ya zamani sana. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, yule aliyekatwa ncha za vidole kiwandani Birmingham akatengeneza vifuniko vya vidole akaendelea kupiga, alikuwa anaweka kiboksi kinaitwa Dallas Rangemaster mbele ya amplifaya yake ya Laney. Kile kiboksi kilikuwa kinasukuma sauti za juu tu, yaani besi inaingia kidogo, ampu inavuruga kile kilichobaki, na uzito unarudi baadae kwenye spika. Sauti nzito kuliko zote za wakati ule zilianza na kupunguza besi! Mi nilipoelewa hilo nilikaa kimya kama dakika nzima.

Miaka mingi mbele watu wakaja kufanya jambo hilohilo kwa Ibanez Tube Screamer, ile ya kijani ambayo ukiangalia utasema hii ni ya mzee wa bluzi. TS9 ilitoka 1982 na mpaka leo utaikuta mbele ya amplifaya za wapiga metali wakubwa. Hawaitumii kuvuruga. Wanaweka draivu (nobu ya kuvuruga) sifuri au karibu na sifuri, levo mpaka mwisho, toni saa sita, halafu inaingia kwenye chaneli ya ampu ambayo tayari ina distoshani yake. Ndani ya Tube Screamer kuna saketi inayoanza kupunguza chini ya hezi 720 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde) na kuinua maeneo hayo ya kati, kwa hiyo ampu inapokea sauti iliyonyooka, imebana, haina tope.

Na hapa ndo pa kwanza pa kuokoa hela yako. Kama unachomeka kwenye amplifaya ambayo ina chaneli ya distoshani inayoeleweka, USINUNUE pedali ya metali. Nunua Tube Screamer au nakala yake, Behringer wana TO800 ambayo ni rahisi sana, boksi ni plastiki kwa hiyo usiikanyage na buti la jeshi, ila kwa kazi hii inatosha kabisa. Kuweka pedali ya metali mbele ya chaneli iliyovurugwa tayari ni kukaanga chipsi mara mbili, unapata makelele juu ya makelele na noti hazitengani.

Kama ampu yako ni safi tu, haina distoshani au ina distoshani ya kutia aibu kama zile za kiampu cha wati 10, lakini ina spika ya gitaa, basi we ndo mteja halisi wa pedali ya hai-geini, endelea kusoma. Na kama unaingia kwenye mixa, soma lakini usinunue mpaka ufike kule chini nilipoongelea nyuki.

Tuzipitie hizi familia. Sitazitaja zote mana hatutamaliza, nataja zile ambazo ukizijua unazijua na watoto wao, na nakala za Kichina karibu zote ni watoto wa hizi.

Ya kwanza ni ProCo RAT, ilizaliwa Kalamazoo kule Michigan, Marekani, mwaka 1978. Nobu tatu tu. Hii sio ya metali kwa maana ya leo lakini ni pedali inayosema ukweli, sauti za kati zipo, ukali upo, na ukiisukuma inaanza kuwa kama fazi, ule mvurugo mzito wa manyoya. Nobu ya Filter inawachanganya watu, inafanya kazi kinyume, ukizungusha kwenda kulia sauti inazidi kuwa nyeusi. Ukipiga rifu za taratibu nzito, za kuvuta, RAT inakutosha na utaishi nayo mpaka uzeeni. Ukipiga vitu vya haraka vya kuziba nyuzi kwa kiganja utaona imelegea kidogo, muweke Tube Screamer mbele yake na mambo yanabadilika.

Big Muff nataja haraka tu. Ni fazi, ni ukuta wa sauti, kwa mambo ya taratibu sana ni tamu kupitiliza, ila katikati pamebonyea kwa hiyo ukiwa na bendi unazama. Ukiipenda ipende ukijua hivyo.

Boss HM-2 Heavy Metal sasa. Hii ina hadithi nzuri. Ilitoka 1983, wakati ule watu walitaka kusikika kama ampu kubwa za Kiingereza, ikauzwa, ikachokwa, 1991 wakaacha kuitengeneza na ikawa kitu cha mitumba. Katikati ya hapo vijana wa Stockholm, Sweden, bendi kama Entombed, waliokuwa wanarekodi studio ya Sunlight kwa Tomas Skogsberg, wakachukua HM-2 wakazungusha nobu ZOTE nne mpaka mwisho kulia. Zote. Ikatoka sauti kama chenso inakata mninga. Mpaka leo hiyo sauti ina jina lake na mashabiki wake, bei ya zile za zamani ikapanda, na 2021 Boss wenyewe wakasalimu amri wakaitoa upya kwa jina la HM-2W. Behringer wana nakala, HM300, na kuna wengine wengi. Nachotaka uone ni kwa nini inafanya kazi. Zile nobu mbili za Color Mix, L na H, zikiwa mwisho zinainua besi baada ya kuvuruga na zinainua sauti za kati za juu kwa nguvu ya ajabu, kwa hiyo hata ukiwa na bendi yenye kelele kiasi gani gitaa linasikika, linakera lakini linasikika. Ubaya ni kwamba ina kitu kimoja tu. Ukitaka chenso inunue leo, ukitaka pedali ya kila siku ipite.

Halafu mtukutu wetu, Boss MT-2 Metal Zone ya 1991. Hamna pedali iliyotukanwa kama hii na hamna pedali ya metali iliyouzwa kama hii, imepita milioni moja. Watu wanasema inasikika kama nyuki, kama redio mbovu, na mi nakwambia wengi wanaoisema hivyo hawajawahi kugusa nobu ya katikati ipasavyo. Metal Zone ina kitu ambacho pedali za bei yake huwa hazina, sauti za kati unaweza kuchagua MAHALI unapozigusa, kuanzia hezi 200 mpaka 5000, halafu ukaamua kuinua au kukata hapo. Hiyo ni silaha. Sasa mtu anapewa silaha anajipiga mguuni, anakata kati zote, anajaza besi na trebo, distoshani mpaka mwisho, anakaa chumbani anasema ooh hii ndo metali.

Najua kwa sababu ni mimi. Na pedali yangu wakati ule haikuwa hata Metal Zone. Nilikata sauti za kati zote, chumbani ilikuwa kama ndege inatua, nikaenda nayo mazoezini kwa kujiamini kabisa, drama zikaanza, besi ikaingia, mi napiga kwa jasho, mpiga besi akanigeukia akaniuliza, "kaka, umechomeka?" Besi yangu ilikuwa imemezwa na besi gitaa, trebo yangu imemezwa na matoazi, na ile sehemu iliyobaki wazi, katikati, ndo niliyokuwa nimeitupa. Gitaa makazi yake ni katikati, ukihama pale huna nyumba.

Kwa hiyo ukikuta Metal Zone ya bei nzuri ichukue na uanze hivi: Dist saa tatu, ndio saa tatu usinibishie, Low saa tano, High saa nne, ile ya kuchagua mahali iweke katikati saa sita, na Middle iinue mpaka saa saba au nane. Piga. Halafu zungusha ile ya kuchagua mahali taratibu huku unapiga powa kodi, ile kodi ya noti mbili tu (sio kodi za TRA), utasikia kuna sehemu gitaa linatoka puani, kuna sehemu linakuwa kavu kama debe, na kuna sehemu moja ghafla linakaa, acha hapo. Na kama ampu yako nyuma ina tundu la Return la efekti, jaribu kuchomeka pedali huko badala ya mbele. Hapo unaipita prea nzima ya ampu, ile sehemu ya mbele inayotengeneza sauti, Metal Zone inakuwa ndo prea yenyewe, na watu wengi waliokuwa wanaichukia wamebadili dini kwa ujanja huu mmoja. Angalia tu volyumu, anza chini, mana huko nyuma hamna nobu ya ampu ya kukuokoa.

Familia ya mwisho ni zile zinazojaribu kuwa amplifaya ndani ya boksi. Peavey 5150 ilitoka 1992 ikiwa ampu ya Eddie Van Halen na ikaishia kuwa ampu ya nusu ya wapiga metali duniani, na MXR wana pedali ya 5150 Overdrive inayofuata sauti hiyo, ina besi, kati, trebo, swichi ya kuongeza nguvu na geti ya kuua kelele humohumo ndani. Revv wana G3, imetokana na chaneli moja ya ampu zao, ina swichi ndogo ya kubadilisha ukali. Hizi ni ghali, sikudanganyi, lakini kazi ya kubana besi mbele na kupangilia kati nyuma washakufanyia, we unachomeka unapiga. Joyo na Mooer wana ndogondogo za mtindo huohuo kwa bei ya binadamu. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu maishani, na ampu yako ni safi, mi ningeelekea huku.

Tufike kwa nyuki.

Spika ya gitaa ni kitu kizembe kwa makusudi. Chukua Celestion Vintage 30, inchi 12, imo kwenye makabati mengi ya metali, inafanya kazi kati ya hezi 70 na 5000 hivi, zaidi ya hapo inakufa. Spika ya ukumbi inaenda mpaka huko 20,000 bila shida. Sasa kumbuka kukata vichwa vya wimbi kunazaa sauti za juu nyingi, zile zote za juu ya 5000 ndo mlio wa zzzzzz, na spika ya gitaa ilikuwa inakuchujia bila we kujua. Ukichomeka pedali moja kwa moja kwenye mixa hamna chujio, wanatoka wote, nyuki kwenye debe. Hapo hata uweke pedali ya dola 300 ni nyuki wa dola 300. Kupunguza trebo kwenye mixa kunasaidia kidogo tu, mana nobu ya HI kwenye mixa nyingi inashika huko juu sana na haikati kwa kasi inayotakiwa.

Unachohitaji ni kitu cha kuigiza kabati la spika, kikae mwisho kabisa baada ya distoshani. Kuna pedali ndogo za kazi hiyo peke yake, kuna pedali za prea za Mooer na wengine ambazo zina swichi ya kabati humohumo, na kuna malti-efekti hata za bei ya chini ambazo zina distoshani, kabati, geti, tyuna, kila kitu. Aisee kwa mtu ambaye kila wiki anaingia kwenye mixa mi siku hizi namwambia nunua malti-efekti ndogo achana na pedali moja moja, najua haina raha ya kukanyaga kiboksi cha chuma lakini watu walioko ukumbini hawaoni miguu yako. Na kama unarekodi tu nyumbani kwenye kompyuta, kuna programu inaitwa Neural Amp Modeler, ni ya bure, unapakua sauti za ampu zilizonakiliwa na faili la kabati unaweka, gharama yako ni intafesi ya kuingizia gitaa. Unaweza ukagundua pedali huhitaji.

Kuhusu gitaa lako lenyewe. Kama ni la pikapu nyembamba za koili moja litavuma, hasa kwenye geini kubwa, huo mvumo ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaopenyea. Hambaka, zile pana za koili mbili, zinauana wenyewe kwa wenyewe huo mvumo ndo mana wapiga metali wanazipenda. Na kama unashusha tyuning, uzi wa chini wa kawaida ni hezi 82, ukishuka mpaka C unakuwa 65, ukifika A ya chini ni 55 tu, kwa hiyo kadri unavyoshuka ndo unavyohitaji pedali inayobana besi mbele. RAT peke yake kwenye A utalia. Badilisha na nyuzi pia, nyuzi nyembamba zikishushwa zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo na hamna pedali itakayoziponya.

Kelele sasa, shhhhh ukiacha kupiga. Hiyo sio ubovu wa pedali, ukikuza kitu mara mia na ukimya nao umeukuza mara mia. Dawa ya kwanza haina gharama, punguza geini. Shusha mpaka pale rifu inapoanza kukauka halafu rudisha kidogo, hapo ndo sehemu yako, na utashangaa ni chini sana ya ulipokuwa, na kiganja chako kitaanza kufanya kazi ambayo pedali ilikuwa inakufanyia. Dawa ya pili ni noizi geti, Boss NS-2 ni ya tangu 1987 na bado ipo, ina Send na Return, gitaa linaingia kwenye geti, distoshani inakaa kwenye ule mzunguko wa Send na Return, geti inasikiliza gitaa safi ila inafunga mlango baada ya distoshani. Ukiiweka kienyeji tu mwisho wa mstari itafanya kazi ila itakukata noti ndefu. Na angalia chaja za simu, taa za tyubu, na soketi zisizo na waya wa ethi, wakati mwingine unatukana pedali kumbe ni soketi ya mwenye nyumba.

Umeme wa pedali usiuchukulie poa. Karibu pedali zote hizi zinataka volti 9 DC, hasi KATIKATI, plagi ya milimita 2.1. Angalia kialama kwenye adapta, duara na mistari, alama ya kutoa iwe upande wa nukta ya katikati. Mi nilishachukua adapta ya kinanda cha mtoto, volti 12, chanya katikati, plagi ikaingia vizuuuri kabisa, pedali ikatoa harufu ya kijiti cha kiberiti na ndo ikawa mwisho wake. Kuingia kwa plagi hakumaanishi ruhusa. Na kama adapta umeletewa na ndugu kutoka Marekani soma maandishi madogo, ikiwa INPUT ni 120V peke yake usiiguse kwenye ukuta wetu wa 230, ikiwa 100-240V ni salama. Pedali za analogi zinakula kidogo sana unaweza ukaziunganisha nyingi adapta moja, ila ukichanganya na za dijitali hapo kelele nyingine ya ajabu ya kupiga mluzi inaingia, zitenge.

Siku ya kwenda kujaribu, beba GITAA LAKO na waya wako. Usijaribie gitaa la duka la milioni tatu halafu ukarudi nyumbani kwa lako. Mwambie muuzaji akupe ampu inayofanana na yako, ikiwa kubwa kuliko yako unajidanganya, nobu zote saa sita, na volyumu iwe juu kiasi cha kusumbua, mana masikio yetu kwa sauti ndogo yanaona besi chache na unaishia kujaza besi ambazo baadae zitakuaibisha. Piga uzi wa chini umeziba kwa kiganja, haraka, usikie kama kila pigo lina mwanzo na mwisho. Piga powa kodi ndefu uiache ife yenyewe, isikatike ghafla wala isikohoe. Piga kodi kamili kama A mainari, sio powa kodi, usikie kama nyuzi zinatengana au zinakuwa uji, pedali nyingi za bei rahisi zinaumbuka hapa. Shusha volyumu ya gitaa mpaka tatu uone kama inasafika au inakuwa tu kelele ndogo. Halafu, hili watu hawalifanyi na ndo kubwa kuliko yote, fungua kwenye simu drama na besi bila gitaa, chomeka kwenye spika yoyote iliyopo dukani, piga juu yake. Pedali iliyokupendeza ukiwa peke yako inaweza ikapotea hapa, na ile uliyoiona ina pua pua ikakaa mahali pake kama imezaliwa pale.

Mitumba sina tatizo nayo, nusu ya vitu vyangu ni mitumba, na kama una mtu Nairobi muulize, kule bendi za metali zipo kitambo, Duma ni watoto wa kule na albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kwa hiyo msidhani haya mambo ni ya Sweden tu. Ukishika mtumba fungua mlango wa betri kwanza, ukiona unga wa kijani kwenye vichwa vya waya betri ilivujia humo. Zungusha kila nobu huku unasikiliza, ikikwaruza kidogo dawa ya kusafishia inaponya, ikikata kabisa sehemu fulani nobu imekufa. Tikisa plagi kwenye jeki zote mbili. Skrubu zikiwa zimechubuka muulize nani alifungua na kwa nini. Kanyaga swichi mara ishirini mfululizo bila kumwonea haya muuzaji, swichi inayochoka inaanza kukosea moja kati ya kumi na hiyo moja itakukuta katikati ya pambio. Ukiridhika lipa, na kabla hujaitia kwenye begi piga picha ya nobu zilivyokaa, mana humo ndani zinajizungusha zenyewe na kesho hutakumbuka.